Mbele ya pazia la vikaragosi, mtoto naye ana kauli

"Bibi! Bibi! Nyuma yako!"

Fisi alikuwa ametokeza pua tu juu ya pazia, na tayari ukumbi wa shule ya awali huko Temeke ulikuwa umelipuka. Watoto walioketi mkekani walipiga magoti ili waone vizuri, vidole vikanyooshwa, na wa nyuma wakawapanda wa mbele mabegani. Bibi, kikaragosi cha kitambaa kilichofungwa kilemba cha khanga, aliwageukia taratibu. "Mnasemaje, wajukuu zangu?" Kelele zikazidi. Bibi akatazama kushoto, Fisi akazama. Akatazama kulia, Fisi akaibuka na andazi mdomoni. Mwalimu mmoja aliyesimama mlangoni akaweka kidole midomoni na kuanza kuwanyamazisha watoto. Hapo Bibi akainua mkono wake mdogo wa sponji, akasema kwa utulivu: "Mwalimu, waache. Wajukuu zangu wana neno la kuniambia."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya kauli hiyo. Katika malezi yetu, mtoto mwema ni yule anayenyamaza wakubwa wanapozungumza. Adabu hiyo ina thamani yake na sitaki ipotee. Lakini tuitazame siku ya mtoto wa miaka minne au mitano: kaa, nyamaza, subiri, usiguse, si sasa. Ni mara ngapi kwa siku mtu mzima humwomba msaada, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akabadilisha anachofanya kwa sababu ya neno la mtoto huyo? Katika onyesho la vikaragosi linalochezwa mbele yake, jambo hilo hutokea kila baada ya dakika chache. Ndiyo maana naamini onyesho hilo linastahili nafasi katika shule zetu, pamoja na herufi na hesabu.

Shikamoo ya Fisi

Onyesho lilikuwa limeanza kwa salamu. Kilemba ndicho kilichoibuka kwanza, kisha macho, na kwa muda Bibi hakusema kitu. Aliwatazama watoto upande huu hadi ule. Watoto wenyewe ndio waliofungua mazungumzo: "Shikamoo Bibi!" Akajibu: "Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo?" "Hatujambo!" Hakuna mwalimu aliyewaelekeza. Kikaragosi kilikuwa na sura ya mzee, nao wakampa haki ya mzee.

Baadaye Fisi naye alidai aamkiwe, na ukumbi ukagawanyika. Wengi walikataa katakata: "Hatukuamkii, wewe mwizi!" Wachache, waliolelewa kwamba salamu hainyimwi mtu, walimwamkia kwa sauti ya chini huku wakiangaliana. Msichana aliyekuwa karibu nami alimgeukia mwenzake na kumweleza, kwa uso usio na mzaha, kwamba Fisi si mtu mzima, ni mnyama, kwa hiyo haamkiwi. Mwenzake akamjibu kwamba hata mnyama akiwa mzee ni mzee. Walibishana hivyo mpaka Fisi alipoondoka.

Mabishano yale yalikuwa mazito kuliko yalivyosikika. Watoto wale walikuwa wakiuliza kama heshima hufuata umri au hufuata mwenendo. Ni swali ambalo watu wazima hulijadili vikaoni na misikitini, makanisani na bungeni, na wao walikuwa wakilijadili mkekani kwa sababu kikaragosi kimoja chenye masikio ya manyoya kilidai salamu. Hakuna aliyewapa jibu. Mchezeshaji alikuwa na busara ya kuwaachia swali lao.

Kinachotendeka kichwani mwa anayepiga kelele

Mtu akiwatazama watoto badala ya kutazama pazia, huona tofauti kubwa ya umri ndani ya ukumbi mmoja. Wadogo kabisa, wa miaka mitatu, walimfuata Fisi kwa macho na kucheka kila alipoibuka. Wengi wao hawakumwonya Bibi. Waliopiga kelele za onyo walikuwa wakubwa kidogo, wa miaka mitano na sita. Wadogo walijiunga baada ya kuwasikia wenzao.

Tofauti hiyo ina maelezo ya kisayansi. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha utafiti ambao bado unatajwa kila panapozungumzwa akili ya mtoto. Watoto waliigiziwa kisa cha mvulana aitwaye Maxi anayeweka chokoleti yake kabatini na kwenda kucheza. Nyuma yake, mama yake anaihamishia kabati lingine. Maxi anarudi. Je, ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 hadi 4 walielekeza kule chokoleti ilipo kweli, kana kwamba Maxi anajua wanachokijua wao. Hakuna hata mmoja aliyejibu sawasawa katika visa vyote viwili alivyooneshwa. Wa miaka 4 hadi 6 walifaulu asilimia 57, na wa miaka 6 hadi 9 asilimia 86.

Sasa turudi kwa Bibi na andazi lake. Ili mtoto apaaze sauti kumwonya, lazima ajue mambo matatu kwa wakati mmoja: kwamba yeye anamwona Fisi, kwamba Bibi hamwoni, na kwamba neno lake linaweza kumfikishia Bibi kile asichokijua. Hiyo ni hatua kubwa katika maisha ya binadamu. Ndiyo mwanzo wa kuelewa kwamba mwenzako ana kichwa chake, chenye mambo yasiyo kichwani mwako. Huruma hujengwa juu ya msingi huo, na pia ushahidi, ualimu na urafiki. Mwalimu anayenyamazisha kelele zile hunyamazisha somo ambalo angetumia wiki nyingi kulifundisha ubaoni.

Je, watoto hudanganyika? Wazazi wengi huniuliza swali hilo, wakihofia kwamba mwana wao ataamini kitambaa kina uhai. Jibu nililipata kwa mvulana mmoja aliyeshindwa kuvumilia. Katikati ya mchezo alitambaa hadi pembeni mwa pazia, akachungulia, akarudi mbio na kuwatangazia wenzake: "Kuna kaka ndani!" Walimsikia vizuri. Fisi alipoibuka tena, mvulana yuleyule alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Alikuwa amejua siri yote, na bado alichagua kuingia katika mchezo. Hakudanganyika hata kidogo. Kutambua kwamba kitu fulani ni cha kuigiza na hapohapo kukijali kwa dhati ni kipawa, na msomaji wa riwaya hukihitaji maisha yake yote.

Mkono ulio ndani

Kazi ya mchezeshaji wa vikaragosi huonekana nyepesi kwa asiyewahi kusimama na mikono juu kwa nusu saa. Kikaragosi cha kuvaa mkononi huwa na kidole cha shahada ndani ya shingo, na vidole vingine ndani ya mikono. Kile chenye mdomo unaofunguka, kama Bibi na Fisi, huendeshwa na kiganja: vidole vinne juu, dole gumba chini, na taya ndilo dole gumba. Wanaoanza kazi hii hukosea pale wanapoufumba mdomo kwa nguvu kila neno linapotoka, ikaonekana kama kikaragosi kinatafuna maneno badala ya kuyasema. Fundi huufungua mdomo kwenye irabu. Kiswahili humsaidia sana hapo, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: ha-ba-ri, mdomo unafunguka mara tatu, na mtoto anaiona kila silabi ikitoka. Niliwatazama wadogo wa mstari wa mbele wakiichezesha midomo yao kimya pamoja na Bibi.

Macho nayo ni muhimu kuliko mdomo. Macho ya kikaragosi hayapepesi, kwa hiyo kila kitu hutegemea pale kichwa kinapoelekea. Kikitazama juu ya vichwa vya watoto, kimekufa. Kikiinama kidogo kumwelekea mtoto mmoja, mtoto huyo hujua kwamba ameonwa. Baada ya macho huja pumzi. Basil Jones na Adrian Kohler, walioanzisha kampuni ya Handspring mjini Cape Town mwaka 1981, wamejenga kazi yao yote juu ya kanuni kwamba kikaragosi lazima kwanza kipumue. Farasi wao wa tamthilia ya War Horse, iliyooneshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 2007, waliendeshwa na watu watatu watatu ambao watazamaji waliwaona waziwazi. Bado watu wazima walilia kwa ajili ya farasi. Yule mvulana aliyechungulia nyuma ya pazia la Temeke angewaelewa vizuri.

Kinywa kilichoogopwa na wakubwa

Kikaragosi kumpa mtoto kauli si jambo la bahati tu. Sanaa hii tangu zamani imekuwa kinywa cha wasio na kinywa. Mfano ulio wazi ni Guignol wa Lyon, Ufaransa. Muumba wake, Laurent Mourguet, alizaliwa mwaka 1769 katika ukoo wa wafumaji wa hariri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipovuruga biashara ya hariri, alikosa kazi, akawa mng'oa meno wa sokoni. Jino aling'oa bure. Riziki yake ilikuwa katika dawa alizouza baadaye. Ili watu wajongee kwenye kiti chake, aliweka vikaragosi mbele. Baada ya miaka michache watu walikuja kwa ajili ya vikaragosi, naye akaachana na meno. Mnamo mwaka 1808 hivi alimuumba Guignol, mtu wa kawaida wa Lyon mwenye ulimi mwepesi, akamkutanisha na Gnafron, fundi viatu mpenda mvinyo. Jukwaani, rungu liliwaangukia wenye nyumba wanaodai kodi na askari wanaoonea watu.

Watazamaji wa mwanzo walikuwa wafanyakazi watu wazima, na mchezo ulitungwa papo hapo kufuatana na habari za siku. Mwaka 1852, chini ya utawala wa Louis-Napoléon, sheria ya udhibiti ilitaka michezo iandikwe na kukaguliwa kabla ya kuchezwa. Serikali yenye jeshi na magereza iliona haja ya kukisimamia kichwa cha mbao kilichovaa mkono wa mtu. Leo Guignol ni wa watoto zaidi. Katika bustani ya Luxembourg mjini Paris kuna ukumbi wa vikaragosi ulioanzishwa na Robert Desarthis mwaka 1933. Watoto hukaa mabenchi ya mbele, wazazi nyuma, na watoto hao humpigia Guignol kelele za onyo kama wa Temeke walivyompigia Bibi. Uhuru ule wa kujibu jukwaa ni urithi waliouacha wafanyakazi wa Lyon.

Barani kwetu mifano haikosekani. Nchini Mali, kutolewa kwa vinyago na vikaragosi vya Markala kuliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ubaguzi wa rangi ungali na nguvu, mradi wa vikaragosi dhidi ya UKIMWI ulizunguka na vikaragosi vikubwa vya rangi ya kijivu ili pasiwe na kundi litakalosema ugonjwa huu ni wa wale. Kenya, katikati ya miaka ya 1990, shirika la Family Programmes Promotion Services lilianzisha mradi wa vikaragosi vya afya ya jamii uliojulikana kwa kifupi kama CHAPS. Yale ambayo mama mkwe na mkwe wasingeweza kuyatamka mbele ya watu, kikaragosi kiliyatamka kiwanjani, na umati ukacheka kisha ukauliza maswali.

Mwaka 2002 kipindi cha watoto cha Takalani Sesame cha Afrika Kusini kilimleta Kami, kikaragosi cha rangi ya haradali, msichana yatima wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI. Watoto waliokuwa wakimwogopa mwenzao darasani walikutana na Kami anayecheza na kukumbatiwa. Mwaka 2009 mchora katuni Gado, mzaliwa wa Tanzania, aliileta The XYZ Show katika televisheni ya Kenya, na vikaragosi vyenye sura za viongozi vikawaambia Wakenya waliyokuwa wakinong'onezana. Kote huko siri ni ileile. Binadamu akisema neno gumu, tunauliza ametumwa na nani. Kikaragosi kikilisema, tunalisikia neno lenyewe.

Kwa nini mbele yake, na si kwenye skrini

Msomaji atauliza kama televisheni na simu hazitoshi, kwa kuwa zimejaa vikaragosi na katuni. Nitajibu kwa jambo moja lililotokea palepale ukumbini. Fisi alipounguruma kwa mara ya kwanza, mtoto mdogo wa mstari wa mbele aliangua kilio. Mwalimu alimpakata. Mchezeshaji, ambaye hakuweza kuona chochote zaidi ya mwanga wa pazia, alikisikia kilio hicho. Akampunguza Fisi kimo, akamfanya apige chafya, kisha chafya ya pili iliyomwangusha chali. Ukumbi ukacheka, na yule mtoto akacheka huku machozi hayajakauka. Toka hapo hadi mwisho Fisi yule alikuwa mwizi wa kuchekesha, si mnyama wa kutisha. Hadithi nzima ilikuwa imebadilika kwa ajili ya mtoto mmoja.

Skrini haiwezi kufanya hivyo. Katuni huendelea vilevile, mtoto alie au acheke, awe macho au amelala. Inaweza kufundisha majina ya rangi na namba, na sina ugomvi na hilo, lakini haiwezi kumfundisha kwamba yupo. Tena, mbele ya skrini mtoto mara nyingi hutazama peke yake, ilhali mkekani hucheka na wenzake, huogopa na wenzake, na hujifunza kwa wakubwa wake wa miaka mitano namna ya kumwonya Bibi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu hawakusimulia hadithi kwa watoto walionyamaza. "Paukwa!" alisema msimulizi, na hadithi haikuanza mpaka watoto wajibu "Pakawa!" Waliimba kiitikio, walikisia mwisho, na msimulizi aliirefusha au kuifupisha kadiri ya macho aliyoyaona. Umeme ulipokuja na kila mtu akapata kioo chake, tuliipoteza sehemu ile ya watoto. Onyesho la vikaragosi huirudisha.

Kwa walimu na wazazi

Habari njema ni kwamba gharama yake ni ndogo. Soksi iliyochakaa, vifungo viwili vya macho, kipande cha sponji na khanga iliyotandazwa juu ya kamba vyatosha kuanzia. Kinachohitajika zaidi ni mazoezi ya mkono na sikio la kuwasikiliza watoto. Kwa wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, dakika thelathini hadi arobaini zinatosha. Zaidi ya hapo huanza kutafuta maji na mama zao. Wadogo wakae mbele, chini, karibu, lakini pabakizwe nafasi ya hatua kadhaa kati yao na pazia kwa ajili ya yule atakayeshindwa kujizuia. Taa zisizimwe zote. Giza huwatisha wengi kuliko fisi yeyote.

Walimu wakae katikati ya watoto, si nyuma kama walinzi. Mtoto akiogopa, apakatwe hapohapo aendelee kuona, kwa sababu anayetolewa nje hubaki na fisi wa kichwani mwake, asiyepiga chafya. Na mchezo ukiisha, tafadhali asisimame mtu kuhubiri kwamba tumejifunza wizi ni mbaya. Watoto walishaliona hilo na kulipigia kelele. Afadhali waulizwe: ungekuwa wewe Bibi, ungemfanyaje Fisi? Siku ile baadhi walitaka Fisi afungwe, wengine walitaka apewe andazi kwa kuwa labda alikuwa na njaa, na mmoja alisisitiza kwamba aombe kwanza. Mwalimu aliyasikiliza yote, na nilimwona akiyaandika daftarini.

Wasanii wa kazi hii wapo katika vikundi vidogo mijini, na katika vyuo vyetu vya sanaa wapo vijana wenye mikono na sauti za kuifanya. Wanachokosa ni mialiko. Kamati za shule hupata fedha za sare za mahafali na keki ya kufunga mwaka, na wazazi huchangia bila kunung'unika. Naomba sehemu ya mchango huo itengwe kwa asubuhi moja ya vikaragosi kila muhula, kuanzia madarasa ya awali. Halmashauri zinazogharamia matamasha ya watu wazima nazo zitenge saa za watoto ndani ya matamasha hayo, saa za asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Tunalalamika kwamba vijana wetu hawasemi: hawaulizi darasani, hawasimami vikaoni, wakiona wizi ofisini hutazama pembeni. Mtu haanzi kusema siku anayopata kitambulisho cha kupigia kura. Ujasiri huo hufunzwa mapema, pale mtoto anapoona ubaya unatendeka, akapaza sauti, na mkubwa akamgeukia na kumuuliza anasemaje. Tuwape watoto wetu nafasi hiyo wakiwa bado mkekani, na wakipiga kelele, tusiwanyamazishe.